Maswali ya Wasomaji: Timu Iliyoshinda Mechi 18 na Kukosa Kombe

Katika toleo lililopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba nchini Marekani kuna timu iliyowahi kushinda mechi zote za ligi katika msimu mzima na bado ikarudi nyumbani mikono mitupu. Sikutegemea kwamba sentensi hiyo moja ingeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe, iliyohusu viwanja vya shule zetu za msingi hapa Tabora. Barua nyingi zimetoka upande wa mwisho wa reli, Kigoma, ambako inaelekea ubishi wa mpira huanza alfajiri pamoja na mitumbwi ya dagaa. Timu yenyewe ni New England Patriots, na msimu wenyewe ni ule wa mwaka 2007 wa ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, maarufu kwa jina la NFL, ulioanza tarehe 6 Septemba 2007 na kumalizika tarehe 3 Februari 2008. Nimechagua barua sita, nazo nitazijibu kwa kadiri kila moja inavyostahili.

Swali: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu wa hesabu. Ligi yenye timu 32, ambayo mwaka 2007 kila timu ilicheza mechi 16 tu, hainiingii akilini, kwa sababu kama kila timu ingekutana na nyingine zote nyumbani na ugenini, kila moja ingecheza mechi 62. Je, msimamo wao unapangwaje, na timu ya mwisho inashuka daraja? (Mwalimu, Urambo)

Jibu: Hesabu yako haina kasoro, Mwalimu. Kinachoizuia ni mwili wa binadamu, kwa kuwa mchezo huu ni wa watu wazito kugongana kwa nguvu zote, na hakuna mwili unaoweza kustahimili zaidi ya mechi moja kwa wiki. Kwa hiyo timu hugawanywa katika pande mbili zenye timu 16 kila upande, na kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Timu za kundi moja hukutana mara mbili, jambo linalotoa mechi sita, na mechi zilizobaki hupangwa kwa zamu dhidi ya timu za makundi mengine, hivyo timu nyingi hazikutani kabisa katika mwaka husika. Mwaka 2007 kila upande ulipeleka timu sita katika hatua ya mtoano, yaani vinara wanne wa makundi pamoja na timu mbili zilizofanya vizuri zaidi kati ya zilizosalia. Kuanzia hapo ni mechi moja tu kwa kila jozi, anayefungwa anafunga virago, hadi washindi wa pande zote mbili wakutane katika fainali inayoitwa Super Bowl.

Hapo ndipo tofauti na ligi yetu inapoonekana. Azam walipomaliza msimu wa 2013/2014 wa Ligi Kuu bila kupoteza mechi hata moja, pointi zao ziliwapa ubingwa moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwa Arsenal ya msimu wa 2003/2004 kule Uingereza. Kwa Wamarekani msimamo hautoi kombe, bali hutoa tiketi ya kuligombea.

Kuhusu kushuka daraja, jambo hilo halipo. Miami Dolphins walishinda mechi moja tu kati ya 16 msimu huo, lakini walibaki palepale na hata wakapewa nafasi ya kwanza ya kuchagua mchezaji kutoka vyuoni mwaka uliofuata, kwa kuwa utaratibu wa ligi hiyo ni kumpa aliye dhaifu achague mapema. Kinachonifanya nitabasamu ni kwamba timu hiyohiyo ya Miami, mwaka 1972 chini ya kocha Don Shula, ilishinda mechi zote 14 za ligi za wakati huo, kisha tatu za mtoano, fainali ikiwa ndani yake. Hiyo ndiyo rekodi ambayo timu ya mwaka 2007, niliyoigusia toleo lililopita, ilikuwa inaifukuzia.

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi na mjomba wangu tumebishana tangu gazeti lilipofika. Mjomba anasema New England Patriots ndiyo iliyokuwa timu bora ya mwaka 2007, na kwamba New York Giants waliokuja kuchukua kombe walibahatisha. Mimi nasema bingwa ni bingwa. Tunaomba utuamulie. (Kijana wa Nguruka, Kigoma)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mjomba umfikishie salamu zangu, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa na ni lazima nianze nayo. Patriots, chini ya kocha Bill Belichick, walikuwa na Tom Brady kama kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua kama atautupa mbele au atampa mwenzake akimbie nao. Katika mechi 16 za ligi alitupa pasi 50 zilizozaa tachidauni, ambalo ni bao la pointi 6 linalopatikana mpira unapofikishwa ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Pasi 23 kati ya hizo zilidakwa na mtu mmoja, Randy Moss, mrefu na mwenye mbio, ambaye Oakland walikuwa wamemwachia kwa bei ya kutupa. Rekodi ya Brady ilivunjwa miaka sita baadaye, lakini ile ya Moss bado haijafikiwa. Timu nzima ilikusanya pointi 589, wastani wa karibu 37 kwa mechi, na kuna Jumapili ambazo ilikuwa vigumu kuamini kwamba timu zote mbili ni za daraja moja, kwani Washington walipigwa 52 kwa 7 na Buffalo 56 kwa 10.

Hata hivyo, mjomba akitaja bahati itambidi aitaje kwa pande zote. Tarehe 3 Desemba 2007, huko Baltimore, Patriots walikuwa nyuma kwa 24 dhidi ya 20 huku mechi ikikaribia kuisha, na wakazuiwa katika jaribio lao la nne, ambalo ndilo la mwisho kati ya manne ambayo timu hupewa ili isonge mbele yadi 10. Mechi ilikuwa imekwisha, isipokuwa kwamba msaidizi wa kocha wa Baltimore alikuwa ameomba mapumziko nukta chache kabla ya mpira kuchezwa. Jaribio lile likafutwa, likarudiwa, na Patriots wakaondoka na ushindi wa 27 kwa 24.

Sasa tuwaangalie Giants. Walianza kwa kufungwa mechi mbili mfululizo na kumaliza na ushindi 10 na vipigo sita, hivyo wakaingia mtoano kupitia zile nafasi za nyongeza nilizomweleza Mwalimu wa Urambo. Ukisoma matokeo yao kwa makini utaona kitu cha ajabu: nyumbani walishinda mechi tatu na kupoteza tano, lakini ugenini walipoteza mechi moja tu kati ya nane. Timu ya namna hiyo ni mgeni asiyetaka kukaribishwa chai, na kwa kuwa nafasi yao iliwalazimu kusafiri katika kila mechi ya mtoano, adhabu hiyo kwao haikuwa adhabu. Waliifunga Tampa Bay 24 kwa 14, kisha Dallas 21 kwa 17, kisha Green Bay 23 kwa 20. Dallas walikuwa wamewafunga mara mbili msimu huohuo, na Green Bay mara moja kwa tofauti ya pointi 22.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua siku moja inayoamua ubishi wenu, nisingechagua fainali, bali Jumamosi ya tarehe 29 Desemba 2007, mechi ya mwisho ya ligi, ambapo Patriots waliwatembelea Giants huko New Jersey wakiwa na ushindi 15. Matokeo yake yasingebadilisha chochote kwa upande wowote, kwa sababu nafasi zao katika mtoano zilikuwa zimeshajulikana. Kila kocha mwenye busara ya kawaida angewaweka benchi wachezaji wake muhimu ili wasiumie. Tom Coughlin wa Giants alikataa na kupanga kikosi chake kamili, na baadhi ya wachezaji wake waliumia kweli. Katika robo ya tatu kati ya nne za mechi walikuwa wanaongoza 28 kwa 16. Baadaye Brady alimtupia Moss pasi ya yadi 65, na pasi hiyo moja ikawa ya 50 kwa mtupaji na ya 23 kwa mdakaji, na Patriots wakashinda 38 kwa 35.

Wanafunzi wetu wanaujua mtihani wa majaribio, ule usioingia kwenye cheti lakini unaokuonyesha swali litakavyoulizwa. Giants waliupata mtihani wao usiku ule. Walifungwa, lakini waligundua kwamba timu inayoogopwa na ligi nzima inaweza kubanwa kwa saa tatu, na wiki tano baadaye, huko Glendale katika jimbo la Arizona, hawakuingia uwanjani kama wageni wa kitu kile. Shambulizi lao la kwanza lilikula dakika 9 na sekunde 59, refu kuliko yote katika historia ya fainali hizo, na ingawa lilizaa pointi 3 tu, kwa muda wote huo Brady alikuwa amekaa benchi akitazama. Alipopata mpira, walinzi wa Giants kama Michael Strahan na Justin Tuck walimfuata mpaka mikononi mwake, na jumla aliangushwa chini mara tano kabla ya kuachia pasi. Timu iliyozoea pointi 37 ilipata 14, na Giants wakashinda 17 kwa 14.

Kwa hiyo naamua hivi: Patriots walikuwa timu bora kwa miezi mitano, na Giants walikuwa timu bora tarehe 3 Februari, kwa sababu walizozitengeneza wenyewe tarehe 29 Desemba. Mjomba wako anaweza kubaki na miezi mitano yake. Kombe limo katika hiyo siku moja, na kila timu ilijua hivyo kabla ya msimu kuanza.

Swali: Mwanangu anaangalia mpira huo kwenye simu na mimi huona watu wanashika kwa mikono tu. Mguu una kazi gani katika mchezo unaoitwa mpira wa miguu? (Mama wa watoto watatu, Ujiji)

Jibu: Mama, mguu hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha huitwa wakati roho ziko juu. Timu inaposhindwa kufikia mstari inaweza kumwita mpigaji, na mpira ukipita juu kati ya nguzo mbili inapata pointi 3. Mfano bora wa msimu huo ni Lawrence Tynes wa Giants, mzaliwa wa Scotland. Tarehe 20 Januari 2008, mjini Green Bay, mechi ilianza kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo kwa watu wa Ujiji nitaieleza kuwa ni baridi ya ndani ya friza ya migebuka. Katika baridi hiyo mpira huwa mgumu kama tofali. Tynes alikosa mara mbili katika robo ya mwisho, mara ya pili kutoka karibu yadi 36, na timu yake ikalazimika kuingia muda wa nyongeza kwa makosa yake. Kisha akapewa nafasi ya tatu, ya yadi 47, takriban mita 43, ngumu kuliko zote mbili, na hiyo akaipata, ikaipeleka timu fainali. Mwambie kijana aitafute hiyo, mtaitazama pamoja.

Swali: Mheshimiwa, nimesoma mahali kwamba Patriots walikuwa wanaiba siri za wapinzani kwa kamera. Kwa nini basi unawasifu? (Msomaji, Nzega)

Jibu: Ni kweli, wala sitaki kulifunika. Makocha wa mchezo huu huwaelekeza walinzi wao kwa ishara za mikono, na kanuni zinakataza kuzipiga picha za video ishara hizo kutoka pembeni mwa uwanja wakati wa mechi. Tarehe 9 Septemba 2007, katika mechi yao ya kwanza dhidi ya New York Jets, mpiga picha wa Patriots alikamatwa akifanya hivyo. Belichick alitozwa dola 500,000, klabu ikatozwa dola 250,000, na kubwa zaidi ikanyang'anywa haki yake ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza mwaka 2008.

Doa hilo lipo na halifutiki. Lakini angalia tarehe: kamera ilikamatwa katika mechi ya kwanza, na kuanzia hapo macho ya ligi nzima yalikuwa juu yao. Mechi 15 za ligi zilizofuata na mbili za mtoano walishinda bila kamera hiyo. Mimi nadhani aibu ile ndiyo iliyowafanya wacheze kwa hasira kiasi kile na kuendelea kutafuta pointi hata mechi ilipokuwa imeshakwisha, jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni ukosefu wa adabu. Ninasifu uchezaji wao, wala sijasifu tabia.

Swali: Je, mashindano haya yamewahi kutoka nje ya Marekani? (Msomaji, Kasulu)

Jibu: Ndiyo, na msimu huohuo wa 2007 ndio ambao mechi ya ligi ilichezwa kwa mara ya kwanza nje ya bara la Amerika Kaskazini, maana Mexico walikwisha kuipata moja mwaka 2005. Tarehe 28 Oktoba, katika uwanja wa Wembley mjini London, Giants waliwafunga Miami 13 kwa 10. Mvua ilinyesha, nyasi zikageuka tope, na mchezo kwa kweli ulikuwa mbaya. Wenyeji kwa karatasi walikuwa Miami, kwa hiyo hata huo uhesabu katika safari za Giants.

Swali: Shikamoo Babu. Naomba utueleze juu ya mchezaji aliyedaka mpira kwa kichwa katika fainali hiyo. Alikuwa nyota? Na baada ya hapo alifanya nini? (Mwanafunzi wa sekondari, Mwanga, Kigoma)

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Hakudaka kwa kichwa hasa, ila kichwa kilimsaidia, na nitakueleza kwa utaratibu kwa sababu ni tukio ambalo hata mimi, niliyekesha kulisikiliza kutoka saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu, sikulielewa mpaka nilipoliona kwa macho.

Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 42, Moss alikuwa amedaka pasi iliyowapa Patriots uongozi wa 14 kwa 10. Giants waliupata mpira mbali na lango, wakihitaji tachidauni, kwa kuwa pointi 3 zisingetosha. Hapa niseme kitu ambacho husahauliwa: katika robo ya tatu Patriots walifika yadi 31 tu kutoka mstari wa Giants, na badala ya kumwita mpigaji wao ajaribu pointi 3 kutoka karibu yadi 50, Belichick aliamua kutupa pasi katika jaribio la nne. Pasi ilipotea. Mechi iliisha kwa tofauti ya pointi 3. Si lazima mpigaji angepata, lakini kama mimi ningekuwa Belichick ningeisikia namba hiyo kila nikilala.

Turudi kwenye dakika za mwisho. Kwanza pasi ya Eli Manning, kwotabeki wa Giants, ilimpita mkononi mlinzi Asante Samuel, ambaye kama angeishika kombe lingekuwa la Patriots papo hapo. Mchezo uliofuata, ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 15, Manning alizungukwa na kushikwa jezi na watu wawili, kila mmoja akiwa mzito kama gunia la mahindi lililoloa. Akachomoka, akarudi nyuma, akautupa mpira juu katikati ya uwanja. David Tyree aliruka pamoja na mlinzi Rodney Harrison, akaushika kwa mikono miwili, Harrison akampiga mkono mmoja ukatoka, na Tyree akaubana mpira kwenye helmeti yake kwa mkono uliobaki. Walianguka wote wawili, mgongo wa Tyree ukiwa juu ya mwenzake, huku Harrison akiuvuta mpira, na mpira haukugusa ardhi. Giants walikuwa wamesonga yadi 32. Ikiwa imebaki nusu dakika na sekunde tano, Manning alimtupia Plaxico Burress aliyekuwa peke yake pembeni, na hiyo, pamoja na pointi moja ya teke linalopigwa baada ya tachidauni, ndiyo iliyofanya 17.

Umeuliza kama Tyree alikuwa nyota. La. Kazi yake ya kawaida ilikuwa kukimbia na kumkaba mpokeaji baada ya mpira kupigwa teke, na katika mechi zote za ligi za msimu ule alidaka pasi nne tu. Usiku wa fainali alidaka tatu, mojawapo ikiwa tachidauni la mapema katika robo ya mwisho. Msimu uliofuata aliumia na hakucheza, akajaribu tena na timu nyingine mwaka 2009, kisha akastaafu. Mpira ule alioubana kwenye helmeti ndio wa mwisho kuudaka katika mechi yoyote ya ligi hiyo.